Barua kwa mwanangu Nyemo, kabla hujapanda treni

Mbukwa, mwanangu.

Mjomba wako amepita hapa jana akitokea Dodoma mjini. Kasema Jumatatu unapanda SGR kwenda Dar kutafuta kazi, na kwamba kwa sasa unashinda kwenye kibanda cha simu cha rafiki yako. La safari sina neno. La kibanda ndilo limeninyima usingizi, maana alilisema kwa kukusifu: "Hakuna simu yenye nywila inayomshinda kufungua. Wanawake wanamletea hata za waume zao."

Za waume zao, Nyemo? Mwenye simu kakuruhusu?

Usinijibu kwamba ni hela ya nauli tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 unaijua kuliko mimi. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Wewe ndiye uliyenionyesha hicho kifungu.

Na hata usipokamatwa, kazi uliyoisomea, ya kuchunguza ushahidi ulio kwenye simu na kompyuta, ni ya kupanda kizimba cha shahidi. Nikiwa karani niliona simu ikiletwa mahakamani kama kielelezo: bahasha ya kaki, haina lakiri, haina saini ya aliyeipokea, na askari anasema aliiwasha "kuangalia kidogo". Wakili wa utetezi hakupaza hata sauti. Aliuliza tu, kuanzia Ijumaa hadi Jumanne simu ilikuwa mikononi mwa nani? Kesi ya mama aliyetapeliwa hela yote ya mahindi ikafia hapo. Wewe ungenakili kwanza kila kilichomo, ukachukua hashi, ile alama ya tarakimu inayoonyesha kama kilichomo kimeguswa, ukaandika kila mkono ulioipokea. Siku ile mama anatoka analia, nilikuwaza wewe. Nilijivuna, ingawa sikuwahi kukwambia.

Sasa wakili kama yule akikuuliza, "Shahidi, ni kweli ulikuwa unafungulia watu simu zisizo zao kwa elfu kumi?" utasema nini? Nani atauamini ushahidi wako tena?

Kuhusu ajira, najua umechoka kuchungulia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kila asubuhi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), benki, kampuni za simu, darasa zima lenu linaomba hukohuko. Omba, lakini usiishie hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ziwe na afisa wa kulinda taarifa hizo. Nenda kwenye hospitali binafsi, shule, SACCOS, uone: mafaili ya wagonjwa wazi mezani, nywila imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Kazi ipo pale, ila wenyewe wanaita "mtu wa kompyuta", na mshahara wa kuanzia utakuwa mdogo. Uchukue. Kaka yako aliukataa mdogo, hadi leo yuko Mpwapwa anasubiri mkubwa, na wewe una kichwa kigumu kama chake.

Vile vyeti vya nje vya fani yenu mnavyolipia kwa dola, anza na kimoja. Mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo nao haujasahau jina lako, ni asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

Kwa shangazi yako utapokewa vizuri. Ila ana mashaka na mumewe, na anajua ulichosomea. Akikupa simu ya mume uifungue, mwambie baba amekataza. Na hizo za kibandani uziache leo, usingoje Jumatatu.

Hapa uwele umekomaa na ndege wameshambulia, mama yako anashinda shambani na debe akiwafukuza. Goti lake limetulia kidogo. Mdogo wako anadaiwa mchango wa mitihani, hilo nitalimaliza nikiuza mbuzi mmoja.

Mwenye nyumba wako wa Ng'ong'ona alichukua kodi ya miezi sita, usiondoke hujamdai iliyobaki, na akubali kwa maandishi. Unga na karanga nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kavipokee stendi ya Nanenane Jumamosi saa nne. Kiroba kimefungwa kwa kamba ya bluu. Kamba uirudishe.

Baba yako