Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kujumuika nasi. Habari za maji na mabweni zimo kwenye nakala tutakayokukabidhi. Hapa tunaomba tuseme jambo moja tu: afya ya akili ya mama mjamzito na aliyejifungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mjamzito akifika kliniki anapimwa presha, mkojo, wingi wa damu, kaswende na VVU. Katika vituo tulivyofanyia mafunzo kwa vitendo, hatukumsikia mtu akimuuliza analalaje usiku. Akishajifungua, maswali yote yanahamia kwa mtoto: ananyonya? Kitovu kimekauka? Mama akisema mwili hauna nguvu, anaongezewa vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani anaambiwa anadeka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wajawazito 16 katika kila 100, na karibu 20 katika kila 100 waliojifungua, hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida na hukoma yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, mama anahitaji matibabu, na akina baba mliopo hapa msiangalie chini, maana ninyi ndio mnaoyaona usiku.

Kipimo cha sonona kipo, wala hakihitaji umeme. Dodoso la Edinburgh, lililochapishwa mwaka 1987, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Tafsiri ya Kiswahili ipo. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Mama akikiri, hata jumla ya alama ikiwa ndogo, haondoki kabla hajaonwa na mtaalamu.

Ila dodoso bila faragha ni karatasi tu. Tulimshuhudia mama aliyejibu "sijambo" huku mama mkwe akiwa pembeni yake kwenye benchi. Alipobaki na mkunga alisema halali hata mtoto akilala, na kwamba anaogopa kumshika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunaomba vituo vya wilaya yetu vipatiwe walau pazia na kona ya mazungumzo, na maswali haya yaulizwe wakati wa ujauzito, kisha tena wiki ya 6, mtoto anapoletwa chanjo. Kubwa kuliko yote ni rufaa. Kumpima mama halafu ukakosa pa kumpeleka ni kumwonea. Kila zahanati ipewe jina na namba ya simu ya mhudumu wa afya ya akili atakayempokea.

Karatasi za maswali tutadurufu wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga