Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ziara za Makumbusho na Majengo ya Kale

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naomba kuwasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita uliamua, baada ya mjadala mrefu, tupunguze idadi ya safari na kuongeza muda wa kukaa kila tunapofika. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga, na leo nakiri kwamba waliotushinda kwa kura walikuwa na hoja.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Bagamoyo, kwa siku mbili. Siku ya kwanza tuliitumia katika misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ambako jumba la makumbusho limo ndani ya nyumba ya zamani ya masista, na ambako ungali umesimama mnara wa kanisa la kwanza, ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wageni wengi hupiga picha ya mnara wakaondoka. Sisi, kwa kuwa tulikuwa na siku nyingine mkononi, tulifika kwenye magofu ya Kaole asubuhi bila haraka, tukazunguka misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo.

Jioni ya siku hiyo, katika nyumba moja kongwe mjini ambayo sitaitaja, mwanachama wetu ambaye ni fundi mwashi mstaafu alitufundisha jambo ambalo hakuna kibao kilichotueleza. Alipitisha ukucha kwenye kiraka cha saruji, nacho hakikutoka hata vumbi. Kisha akagusa ukuta wa zamani kando ya kiraka hicho, chokaa ikamwagika kiganjani kama unga. Alieleza kwamba ukuta wa matumbawe hupumua, na ukizibwa kwa saruji, unyevu na chumvi hukosa njia ya kutokea, vikaula ukuta kutoka ndani. Tangu Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilipoanguka sehemu yake Desemba 2020, nimesikia watu wengi wakihuzunikia majengo ya kale, lakini ni wachache wanaouliza habari za chokaa.

Safari ya pili ilikuwa ya Kilwa. Hapa sina budi kuomba radhi, kwani niliyepanga ratiba bila kuuliza habari za maji ni mimi. Vibali vya kuvuka tulivipata Kilwa Masoko, na nahodha alikuwa tayari tangu alfajiri, lakini tulipokaribia Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu, maji yalikuwa yamekwisha kupwa, ikabidi tushuke mbali na ufuko na kutembea majini, nguo tumekunja hadi magotini, wazee wakishikwa mkono. Nashukuru kwamba hakuna aliyenung'unika, walau si mbele yangu.

Msikiti Mkuu ulitulipa usumbufu wote. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, na ile ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa baadaye. Tulikaa humo karibu saa tatu, jua likihama kutoka nguzo hadi nguzo, kisha tukaenda Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililo juu ya jabali, ambalo birika lake la pembe nane lingali linatambulika vizuri. Mtembezaji wetu alitukumbusha kwamba Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikatolewa humo mwaka 2014. Katika kazi ya kuyaokoa magofu hayo wenyeji walishiriki kwa mikono yao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuelezwa kwa kirefu kuliko habari za masultani.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasilisha hesabu zake. Itoshe kusema kwamba nauli ndiyo iliyomeza sehemu kubwa ya michango.

Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao twende kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga, kwa safari moja tu ya siku tatu, na kwamba fundi wetu alipiwe gharama zote na chama. Naomba pendekezo hilo lijadiliwe na kupigiwa kura leo, ili tarehe ipangwe mapema.

Mwenyekiti