Jumamosi: tunatazama mechi za waliotushinda

Habari za jioni wanatimu,

Kikao cha Jumamosi kipo palepale, maabara, saa 4:00 asubuhi. Kilichobadilika ni kazi: siku hiyo hatugusi roboti. Tutatazama video za timu zilizotuacha mbali kwenye FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari.

Kila mmoja achague mechi moja na aitazame mara mbili kabla ya kuja. Mara ya kwanza furahia tu. Mara ya pili usishangae mkono wa roboti, fuata magurudumu: inarudi kwa njia gani, inasimama wapi, inapoteza sekunde ngapi kabla ya kufunga pointi tena. Nadhani wanatuzidi hapo, si kwa vifaa.

1. Madereva: njia na muda.
2. Watu wa programu: sekunde za mwanzo, roboti inapojiendesha yenyewe.
3. Mafundi: nyaya na betri zimefungwaje, hata baada ya kugongwa.

Nahitaji pia wawili wa kuandaa maswali ya kuwauliza wenyewe. Msione haya. Katika mashindano haya tunacheza timu tatu kila upande, na manahodha wa timu zinazoongoza ndio huchagua washirika wa mchujo. Tukifahamiana nao mapema si hasara (na wengi wao hupenda sana kueleza roboti yao, mtachoka nyie).

Tafadhali andika "Nipo" na namba ya mechi uliyochagua kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, tusirudie mechi moja. Asiyeweza kufika atume maelezo yake hapa kikundini.