RISALA YA KIKUNDI CHA WAUNDA MODELI ZA KARATASI KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAONYESHO YA NYAMBIZI H. L. HUNLEY

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa kamati,
Walezi wa kikundi, wazazi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunatambua wingi wa majukumu yako, na tunatambua pia kwamba mwaliko wa kwanza na wa pili haukukufikia kwa wakati. Kufika kwako kwa huu wa tatu ni heshima kubwa kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Tulianza na Turtle, nyambizi ya mbao ya David Bushnell ya mwaka 1775, iliyobeba mtu mmoja na mwaka uliofuata ikajaribu kuishambulia manowari ya Kiingereza HMS Eagle katika bandari ya New York bila kufaulu. Ya kwetu nayo haikufaulu sana, maana umbo la yai na karatasi havipatani, ila wanachama walijifunza kukata vipande vilivyochongoka kama maganda ya chungwa na kuvikutanisha kileleni. Kutoka hapo tukahamia kwenye H. L. Hunley, na ndipo tulipo.

Mafanikio ni mengi. Modeli tatu zimekamilika, na mbili kati yake zinasimama zenyewe bila kuegemezwa. Wanachama wote sasa wanajua kutumia rula ya chuma na kubadilisha wembe kabla haujaanza kuchana karatasi. Wanajua kupaka rangi ya maji kwenye kingo zilizokatwa, ili weupe wa karatasi usichungulie kwenye maungio.

Lakini fahari yetu ni usahihi. Hunley, nyambizi ya majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliundwa Mobile, Alabama, mwaka 1863, ikapelekwa Charleston kwa treni. Ilizama mara mbili kabla ya kupigana: Agosti walikufa watu 5, na Oktoba wakafa watu 8, akiwemo Horace Hunley mwenyewe, mfadhili aliyeipa jina. Usiku wa 17 Februari 1864, ikiwa na watu 8 chini ya Luteni George Dixon, iliizamisha manowari ya Kaskazini, USS Housatonic, na yenyewe haikurudi. Ilipatikana mwaka 1995 na kuinuliwa Agosti 2000. Kwa hiyo, Mheshimiwa, modeli yoyote iliyochorwa kabla ya mwaka 2000 itazamwe kwa jicho la shaka. Wachoraji wengi walifuata maelezo ya William Alexander, mmoja wa waundaji wake, aliyoyachapisha mwaka 1902, karibu miaka 40 baada ya tukio. Humo alisema iliundwa kutokana na boila kuukuu. Chombo kilipoinuliwa kilionyesha mabamba yaliyokatwa kwa ajili yake, na ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabamba, zilizosawazishwa na ganda hadi likawa laini. Anayechapa vidoto vya ribiti vilivyovimba anapamba tu. Upondo wa chuma uliobeba baruti nao ulifungwa chini kabisa ya omo, yaani sehemu ya mbele, wakati modeli nyingi za zamani zinauweka juu. Katika hili kikundi chetu hakina mpinzani, angalau katika ukumbi huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utupe sikio kwa jambo moja. Ni lile lile la mwaka juzi.

Modeli yetu ni ya skeli ya 1 kwa 25. Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, kwa hiyo modeli ni sentimita 48. Ndani yake kuna mataruma 12, yaani mbavu za chombo, ya kadibodi ya milimita 1, yaliyopangwa juu ya mkuku. Michoro ya mataruma huchapwa kwenye karatasi nyembamba ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikabandikwa kwenye kadibodi na kukatwa. Ganda la nje huchapwa kwenye karatasi ya gramu 160, nyuzi za karatasi zikilala kwa urefu wa chombo ili karatasi ijikunje kwa hiari kuzunguka mataruma. Ukizilaza kwa upana, karatasi inakataa, na ukiilazimisha inavunjika mikunjo midogo midogo ambayo hakuna rangi ya kuificha.

Tatizo ni printa. Printa tunayoazima huvuta karatasi kutoka chini, ikaigeuza nyuma kama herufi U na kuitoa mbele. Karatasi ya gramu 80 inapita salama. Ya gramu 160 ni ngumu kugeuka, hivyo magurudumu ya mpira yanateleza juu yake na picha inapungua kwa urefu wa safari yake, huku upana ukibaki sahihi. Katika kila ukurasa tumechora mistari miwili ya majaribio ya milimita 100, mmoja wima na mmoja mlalo. Wa mlalo unatoka 100. Wa wima unatoka 97, siku nyingine 98, na kwa kuwa haurudii kosa lile lile, hatuwezi kulifidia kwenye kompyuta. Tulianza kwa kushuku ule mpangilio wa kupunguza picha itoshee ukurasa. Tumeuzima, na mstari bado ni 97.

Milimita 3 zinaonekana ndogo. Mzingo wa ganda katikati ya modeli ni sentimita 15 na ushei. Asilimia 3 yake ni milimita 4 na nusu. Mataruma ni sahihi, ganda limepungua, basi tumboni pale panapofungwa panabaki ufa unaopitisha ncha ya penseli. Mwanachama akivuta ili kuufunga, karatasi inakaza juu ya mataruma na kuzama katikati yake, modeli ikaonyesha mbavu kama ng'ombe wa kiangazi. Ndiyo sababu modeli zetu zote tatu zimeonyeshwa leo zikiwa zimelalia tumbo.

Wapo wanaotushauri tuchape ganda kwenye karatasi nyembamba. Tumejaribu. Gundi nyeupe ina maji, na karatasi ya gramu 80 ikilowa inakunjamana. Isitoshe, wino wa printa hiyo unayeyuka, kwa hiyo kidole chenye gundi kikigusa ganda kinaondoka na rangi yake. Wengine wanapendekeza printa ya leza. Hiyo haichuji, ila unga wake hubanduka kwenye mkunjo, na vibaya zaidi ni pale mikunjo inapokaribiana, kama kwenye vile viminara viwili vyenye vifuniko ambavyo watu waliingilia.

Hivyo ombi letu ni printa moja ya wino wa pigmenti, usioyeyuka kwa maji, yenye mlango wa nyuma unaopokea karatasi nzito na kuipitisha bila kuikunja. Asitokee wa kusema tunapenda makuu: hatutaki ya A3. Vipande vyote, hata upondo wa sentimita 20, vinaingia kwenye A4. Hatuombi hata karatasi. Karatasi tutachanga wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni masikioni mwako, kwani ulikuwepo meza kuu siku mgeni rasmi aliyekutangulia alipotuahidi printa hiyo ndani ya wiki mbili, na makofi ya mwisho kunyamaza yalikuwa ya meza kuu. Tangu hapo tumejulishwa kwamba ombi limepokelewa, kisha kwamba linafanyiwa kazi, kisha kwamba mchakato unaendelea. Tunashukuru kwa taarifa hizo. Katikati tuliletewa sanduku, tukalifungua kwa shangwe, tukakuta mashine ya kulaminisha. Tunaitunza vizuri.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, kwamba jibu la leo liwe na tarehe, na litajwe jina la mtu wa kumfuatilia.

Kabla hujasimama kutujibu, tumeweka mbele yako ukurasa namba 4 wa ganda, uliochapwa asubuhi ya leo, pamoja na rula. Tunakuomba upime mstari wa wima, halafu utusomee kwa sauti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.