Rangi nzito haifichi kitu kwenye ndege ndogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niongezee, na mahali pengine nisahihishe, makala mliyoichapa kwenye ukurasa wa vijana kuhusu kuunda ndege ndogo za jeti za plastiki. Niliifurahia, kwa sababu si mara nyingi kazi hii inaandikwa kwa lugha yetu. Lakini mwandishi alitoa mashauri matatu yaliyonisumbua: kwamba ndege inamalizika kwa jioni moja, kwamba rangi ipakwe nzito ili ifunike maungio, na kwamba kioo cha rubani kibandikwe kwa superglu ili kishike upesi. Kijana akiyafuata yote matatu, ataiweka ndege yake pembeni na hatagusa nyingine.

Mimi ni fundi rangi wa magari, mwaka wa 22 sasa. Mpwa wangu wa miaka 13 alipopewa seti ya kuunda MiG-21, jeti ya kivita ya Kisovieti, ya skeli ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), aliniletea mimi, maana katika ukoo wetu mambo ya rangi ni yangu. Nikamwambia tutaimaliza siku hiyo hiyo. Tuliunganisha vipande haraka, nikachanganya rangi kwa thina ninayotumia kwenye magari, nikapuliza. Plastiki ya seti hizi ni polistairini, na thina kali huiyeyusha. Bawa la kushoto likaota malengelenge. Mistari myembamba inayoonyesha mabati ya ndege yanapokutana, ile iliyochongwa kiwandani kwa ustadi mkubwa, ikajaa rangi na kupotea. Mtoto akaishika ndege, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Mjomba, mistari imeenda wapi?" Swali lile lilinikaa usiku kucha.

Kesho yake nilipiga hesabu ambayo ningeomba kila anayeanza aipige. Rangi ya gari kutoka kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Mikroni 100 ni milimita 0.1, karibu na unene wa karatasi ya daftari. Kwenye gari huo si unene wa kutisha. Lakini kwenye skeli ya 1/72 kila kitu kinazidishwa mara 72: milimita 0.1 juu ya modeli ni sawa na milimita 7.2 juu ya ndege yenyewe. Bati la ngozi ya ndege ya kivita, kwa sehemu kubwa, ni jembamba kuliko hapo. Nilikuwa nimeivisha ndege ya watu gamba zito kuliko mwili wake, halafu nikashangaa mistari imezama.

Tulipata seti ya pili. Safari hii rangi ilisubiri wiki tatu.

Kwanza tuliosha fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa plastiki hutoka kwenye kalibu na mafuta kidogo, na rangi haipendi mafuta. Kila kipande kilikatwa na koleo ndogo kikiwa na kishina, kisha kishina kikapunguzwa kwa wembe na msasa. Kabla ya gundi tulijaribisha kila kiungo kikavu. Hapa ndipo mpwa wangu alinizidi: ana macho makali na hana haraka ya fundi anayesubiriwa na mwenye gari. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nusu mbili za bodi zilikuwa hazikutani vizuri chini ya tumbo, tukaparua pini mbili za ndani, zikakaa. Puti, ile ya kuziba mianya, tuliyookoa kwa hiyo dakika moja ni nyingi.

Gundi inayofaa ni ile nyembamba ya kuyeyusha plastiki. Unashikilia vipande pamoja, unagusa ncha ya brashi kwenye mwanya, gundi inajivuta yenyewe kufuata mstari. Pande zote mbili zinalainika na kuwa kitu kimoja. Na kabla hujafunga bodi, weka uzito puani. Maelekezo ya seti yetu yalitaka gramu 5, nasi tukajaza vipande vya risasi, yale madini mazito ya kuzamishia ndoano, nyuma ya koni, kile kichwa kilichochongoka puani. Ukisahau, ndege inakalia mkia, na ukishafunga bodi huna pa kupitishia kitu.

Koni hiyo inastahili maneno zaidi, kwani ndiyo iliyomfanya mtoto apende kazi. Aliuliza kwa nini MiG-21 ina tundu puani na kitu kimechomoza katikati. Nikamweleza nilivyosoma: injini inavuta hewa kupitia tundu lile, na koni husogea mbele na nyuma kuituliza hewa kabla haijafika kwenye injini, maana ndege hii inafikia mwendo wa mara mbili ya sauti. Kwenye matoleo ya baadaye ndani ya koni kuna rada, kwa hiyo koni yenyewe si ya chuma. Ingekuwa ya chuma mawimbi yasingepita. Ndiyo maana imepakwa kijani wakati bodi nzima inang'aa. Ncha ya mkia nayo ina kipande cha kijani kwa sababu hiyo hiyo, kuna antena. Tangu siku hiyo hapaki sehemu bila kuuliza kwanza kuna nini ndani yake. MiG-21 zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na picha zake ni nyingi kiasi kwamba kila swali la rangi lina jibu. Hata rimu za magurudumu ni kijani, jambo ambalo nisingelibuni mwenyewe.

Sasa rangi. Nyingi za ndege hizi ziliachwa na rangi ya chuma tupu, na rangi ya chuma haina huruma. Makala yenu ilisema rangi hufunika maungio. Mhariri, fundi yeyote wa rangi atakwambia kinyume chake: mng'ao huonyesha kila mkwaruzo. Tulipuliza kwanza praima (rangi ya msingi) ya kijivu, nyembamba, na ndipo yakatokea makosa ambayo plastiki tupu ilikuwa imeyaficha. Puti kidogo kwa kijiti cha meno, msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha 2000, praima tena. Mara tatu tulirudia kwenye ungio la juu ya bodi. Mstari uliofutika kwa msasa tuliuchonga upya kwa ncha ya sindano tukifuata ukingo wa tepu ngumu.

Juu ya praima ikaja nyeusi inayong'aa, ikalala siku nzima. Kisha rangi ya alumini. Bunduki ya kupulizia rangi magari naiendesha kwa psi 30 hivi, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Hapa, kwa brashi ya hewa, yaani bunduki ndogo ya kupulizia, nilishuka hadi 15, na rangi niliilainisha kwa thina ya aina yake mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Pita ya kwanza karibu haionekani, ya pili inatia ukungu, ya tatu chuma kinazaliwa. Bawa hadi bawa ndege hii haifiki sentimita 10, na mkono uliozoea boneti ya lori unapaswa kujifunza upya. Mabati ya karibu na bomba la moshi tuliyaziba kwa tepu ya karatasi na kuyatia alumini iliyokolezwa kidogo, kwa sababu joto la injini hubadilisha rangi ya chuma.

Asiye na brashi ya hewa asikate tamaa. Brashi ya kawaida yenye nywele laini, rangi iliyolainishwa, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kabisa, inatoa kazi safi, hasa kwa ndege zenye rangi za mabaka.

Kuhusu kioo cha rubani, tafadhali chapeni marekebisho. Mvuke wa superglu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Inatosha gundi nyeupe ya karatasi, ambayo ikikauka haina rangi. Inashika taratibu, lakini kioo hakibebi mzigo wowote.

Jambo moja makala haikuligusa kabisa, nalo ni la afya. Gundi ya kuyeyusha, thina na rangi ya kupuliza vina mvuke unaodhuru. Katika gereji mimi huvaa barakoa ya vichujio, na niliona ajabu ukurasa wa vijana ukose hata sentensi moja ya kusema fungua madirisha. Vumbi la msasa pia lisiachwe likavu. Msasa wa maji unalizuia. Wembe ukate kuelekea nje, mbali na vidole, na mtu mzima awepo.

Dekali, zile nembo za kulowesha, tuliziweka juu ya vanishi inayong'aa ili hewa isibaki chini yake. Nyota ya bawa la kulia ilijikunja, tukailowesha upya kwa brashi na kuinyoosha kwa subira ya dakika kumi.

Nawaomba mwandishi wenu arudi na makala ya pili, aanze na ile hesabu ya 72. Mpwa wangu ameshasafisha fremu za Hawker Hunter, jeti ya kivita ya Uingereza, jana amejaribisha mabawa makavu, na ameniandikia kwenye karatasi sehemu mbili ambazo haziketi sawa. Praima bado sijaifungua.

Msomaji wenu,
Fundi rangi wa magari