Mwanangu, huyo sponsa ni nani?

Mwanangu Adela,

Nyumbani hatujambo. Juzi ulimwambia mama yako kwenye simu kwamba mwenzako wa chumba ana sponsa, mkacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Ni nani huyo, na wewe hajakuletea rafiki yake?

Kilatini changu cha seminari kimeshakuchosha, lakini vumilia. Neno hilo Waingereza walilipata kwenye *spondere*, kuweka ahadi nzito. Roma ya kale, mtu akikopa alisimama na mwenzake; huyo akiulizwa kama anaahidi, akajibu "spondeo", deni lisipolipwa lilimrudia yeye. Huyo ndiye sponsor. Kanisani akawa msimamizi wa ubatizo, anayemwitikia mtoto asiyejua kusema, kama mjomba wako alivyokuitikia wewe. Redio za Marekani zikampa jina hilo mfanyabiashara anayelipia kipindi ili bidhaa yake itajwe. Nasi tukalivuta hadi kwa baba wa watu mwenye gari, anayemlipia binti pango. Yule wa Roma alijitwisha deni la mwenzake. Huyu wenu anadai yeye.

Tena kwa Kilatini *sponsa*, hivyohivyo mnavyotamka, ni msichana aliyeposwa. Mrumi angemsikia mwenzako akadhani ana mchumba wa kike!

Matokeo yako ya muhula nimemwonyesha hata mwenyekiti wa kitongoji, kakunja karatasi akairudisha kwa mikono miwili. Lakini ile simu uliyopigia picha, umeitoa wapi? Bumu, hela yenu ya mkopo, najua linachelewa, na ninachotuma mimi hakifiki mbali. Ndiyo maana nauliza. Kwenye fomu ya mkopo, palipoandikwa mdhamini, pana sahihi yangu. Ukipungukiwa, mtu wa kwanza kuambiwa ni mimi, hata kama jibu langu litakuwa "subiri kahawa". Na usilale na madaftari hadi usiku wa manane bila kula.

Mama yako anataka ndoo yake yenye mfuniko, mpe yeyote anayepanda basi la huku. Paa la jikoni linavuja upande wa kuni. Mbuzi amezaa pacha, na mama yako anataka tuuze mmoja tukutumie hela. Nimemwambia asubiri kwanza nijue habari ya hiyo simu.

Baba yako