Mlilieni Mungu bila kumficha kitu: barua ya wazi kwa wana wa mwaloni

Tumsifu Yesu Kristo, wanangu. Nanyi ndugu zetu wa kanisa la AIC, Walutheri na Wasabato, ambao tunagawana jua na matope ya mwalo huu, hapa boti zinaposhusha samaki, Bwana asifiwe.

Barua hii ni yenu nyote mnaokula jasho la Ziwa Victoria hapa Mwanza, kuanzia Igombe hadi Kayenze: nyie mnaoshusha nyavu usiku, nyie mnaoanika dagaa mchana, wapakiaji wa magunia, na akina mama lishe ambao mvuvi akikosa na wao wamekosa. Hali mnaijua kuliko mimi. Mvua imewanyeshea dagaa mchangani, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imewafuata watu hadi mlangoni, na zipo nyumba hapa ambazo turubai la msiba limeshushwa juzi tu. Wengi mmenijia mkitaka neno la faraja, mkiuliza mbona Mungu anatuacha hivi. Nimekuwa katekista wenu tangu wengine mkiwa mgongoni kwa mama zenu, sasa nimestaafu na muda ninao, basi nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Msimu huu mama mmoja alikopa ndoo za dagaa alfajiri, akawamwaga mchangani, akawasambaza vizuri kwa mkono. Saa nane mchana mvua ikaja. Mnajua dagaa aliyeanza kukauka akilowa tena anavyokuwa: anageuka rangi, tumbo linapasuka, harufu inabadilika, na kuanzia hapo si chakula cha watu, bei yake ni ya chakula cha kuku. Yule mama alipiga magoti akawa anawazoa kwa viganja, mchanga na vyote, huku akisema kwa sauti, "Mungu unanionea. Unanionea mimi na wanangu." Wenzake wakamkimbilia wamnyamazishe. Usikufuru, mama. Shukuru kwa kila jambo. Niliwaambia wamwache amalize. Yule mama alikuwa anasali, na alikuwa anasali kwa ukweli kuliko sala nyingi ninazozisikia siku ya Jumapili.

Neno nililo nalo ni hilo. Mlilieni Mungu bila kumficha kitu. Msimpelekee sura ya kanisani wakati moyo unavuja damu. Fungueni Zaburi ya 13 muone inavyoanza: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Huyo anayeuliza ni mtu wa imani, na swali lake limewekwa kwenye Maandiko Matakatifu ili na sisi tulikute humo siku tutakapolihitaji. Zaburi ya 88 ni nzito zaidi. Zaburi nyingi za kilio mwishoni hugeukia sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani, neno lake la mwisho ni giza. Kanisa halikuitoa wala halikuishonea kipande cha shukrani ipendeze. Katika Sala ya Kanisa, yaani zaburi zinazosaliwa kwa vipindi vya siku, mapadre na watawa wanaisali Ijumaa usiku kabla ya kulala, siku ile ile aliyokufa Bwana. Na Bwana mwenyewe, msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kama yeye alisema hivyo, nani kakukataza wewe?

Vijana wa mitumbwi, nyie Injili ya Marko sura ya 4 ni yenu kabisa. Dhoruba kuu, mawimbi yanaingia chomboni, na Yesu amelala nyuma, kichwa kwenye mto. Wanafunzi hawakumwamsha kwa adabu. Walimwambia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Wanne katika wale kumi na wawili walikuwa wavuvi, wanajua chombo kinachozama kinavyoanza. Sasa angalieni mpangilio wa Marko. Yesu anaamka, anaukemea upepo, kunakuwa shwari kuu, na baada ya hapo ndipo anawauliza kuhusu uoga na imani yao. Hakusema nitatuliza upepo mkishanionyesha imani. Aliwaokoa kwanza, somo likaja watu wakiwa wamekauka machozi. Nataka mlikumbuke hili kila mtu anapowaambia kwamba shida yenu haiondoki kwa sababu imani yenu ni ndogo.

Najua lililo nyuma ya swali lenu, maana ziwa hili lina makaburi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu mamia kwa mamia, na wengi wamelala makaburini Igoma hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio, pantoni ya MV Nyerere ikapinduka kisiwani Ukara, ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya. Zaidi ya watu 200 walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Jumamosi yake wazamiaji wakamtoa fundi mitambo akiwa hai, ndani ya pantoni iliyopinduka. Watu walimshukuru Mungu, na ilikuwa haki yao. Lakini mama aliyekuwa amesimama pale pale akisubiri mwili wa mwanawe, tunamwambia nini? Kwamba Mungu alimpenda fundi akamsahau mtoto wake? Yeyote atakayewaambia hivyo hamjui Mungu wa Yesu Kristo. Na yeyote atakayewapa jibu jepesi, muacheni na jibu lake. Hata Yesu alipokuwa anakwenda kaburini kwa Lazaro, akijua atamfufua, alilia kwanza.

Kuna faraja mbili zinauzwa hapa mwaloni, na zote mbili naziogopa.

Ya kwanza inauzwa kwa jina la Yesu. Chupa ya mafuta ya upako, maji ya upako, "panda mbegu Mungu akufungulie milango." Nimeona mtu anachukua marejesho ya mkopo wa kikundi anayapeleka kuwa mbegu, na wiki inayofuata wanaomdai wanakuja kumbebea godoro. Wanangu, Mungu hanunuliwi. Sadaka ni shukrani ya ulichonacho, na mjane aliyetoa senti mbili hakuahidiwa na Yesu kurudishiwa hata moja. Ukiwa na deni, mlipe mwenye deni lako. Mungu hatakasirika.

Ya pili ni mbaya kuliko hiyo, nami nitaisema wazi kwa sababu imeua watu katika mikoa yetu hii. Ni ramli chonganishi. Mtu kapata hasara, mtoto kafa, nyavu zimerudi tupu mara kwa mara, anakwenda kwa mganga, na mganga anamtajia mchawi. Na mchawi huyo kila siku ni yule yule: bibi mzee anayekaa peke yake, macho mekundu. Macho ni mekundu kwa sababu amepika kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka yote akiwalisha hao hao wanaomshuku! Usukumani tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho. Tumezika na ndugu zetu wenye ualbino, watoto wadogo, kwa sababu mtu aliambiwa viungo vyao vitamletea samaki au dhahabu. Ukiwa na uchungu unatamani sana apatikane mtu wa kumbebesha. Ninaelewa. Lakini Mkristo hana ruhusa ya kufarijiwa kwa damu ya jirani yake. Mpelekee Mungu hasira hiyo, mwambie yeye kwamba anakuonea, kama yule mama. Yeye anaweza kuibeba. Bibi wa watu hawezi.

Sasa nyie ambao msiba haujawafika, msikie na nyie. Marafiki wa Ayubu tunawasema vibaya kila mara, ila jambo moja walilifanya vizuri: walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mtu kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno. Waliharibu walipofungua mdomo. Kwa hiyo ukienda msibani acha kukimbilia "ni mapenzi ya Mungu" na "Mungu amempenda zaidi." Chota maji. Osha vyombo. Shika mtoto wa mfiwa umbembeleze alale. Turubai likishaondoka na wageni wakapanda magari, hapo ndipo urudi, maana siku ya kumi nyumba ile inakuwa kimya na unga umekwisha.

Yesu mfufuka alivyowafariji wavuvi mnakumbuka, Yohana 21? Walikuwa wamekesha bila kitu, na wana aibu, kwa sababu walikuwa wamemkimbia siku ya kukamatwa kwake. Hakuwahubiria. Waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa, samaki na mkate, naye akasema, "Njoni mfungue kinywa." Mazungumzo magumu na Petro yalikuja walipokwisha kula. Mama lishe wangu, mnapompimia kijana aliyerudi mtupu sahani ya wali na maharage mkamwambia atalipa siku nyingine, mmefanya alichofanya Bwana kando ya ziwa lile. Ninajua mnafanya, na ninajua inavyowauma mfukoni. Nawashukuru.

Hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zile za nyumba jirani, zinapotakiwa kuwa na kazi zaidi ya rozari na michango. Mwenye mgonjwa hospitali ya Bugando asipande kilima kile peke yake kila siku na hotpoti mkononi, tupangiane zamu. Anayesumbuliwa na mkopo asifiche. Aseme kwenye jumuiya kabla hajaongeza mkopo wa pili kulipa wa kwanza, ili tumsindikize watu wawili watatu kwenda kuongea na wanaomdai, kwa sababu wanaodai huwa na adabu zaidi wakiona mtu ana ndugu. Na vijana, mnaokunywa gongo kila mkirudi ili msifikirie wenzenu waliobaki majini, sitawafokea. Njooni tu mkae nami. Mtu mzima akilia mbele ya katekista haipunguzi heshima yake.

Wamo kati yenu ambao wafu wao hawakupatikana. Hamna kaburi la kupalilia, na kila mwili unaosikika umeelea Sengerema au Ukerewe mnaamka usiku mkitetemeka. Misa ya marehemu inaadhimishwa hata mwili usipopatikana. Msidhani ndugu yenu amekosa haki hiyo. Ombeni paroko, atawapangia. Na someni Ufunuo 20, mstari wa 13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Yohana aliandika hayo akiwa mtu wa kisiwani, Patmo, amezungukwa na maji. Mungu anajua kila mmoja alipo, na Kristo, aliyekaa kaburini hadi siku ya tatu, atawaita kwa majina. Ninaliamini hilo kwa moyo wangu wote. Bila hilo nisingeweza kusimama kando ya jeneza hata moja.

Mbalamwezi ikikolea, boti za dagaa zikipumzika, tukutane kwangu Jumatano saa kumi jioni, wa makanisa yote. Hatutachangishana. Tutasoma Zaburi ya 88 yote, mwenye kulia alie, kisha tutataja majina ya waliobaki ziwani. Mwenye jina aliandike kwenye karatasi amletee mwenyekiti wa jumuiya yake kabla ya Jumapili, na asiyejua kuandika amtajie mwanangu pale dukani, ana daftari. Akina mama wawili wajitolee uji. Sufuria kubwa ninalo.

Baba yenu katika Kristo,
Katekista mstaafu, Igombe